Kitambaa cha Njia Panda ya Mbweta

"Mfungua kitambaa hajui kinamngoja nani." Ndivyo alivyowaambia mama wa maandazi asubuhi hii, nanyi mkacheka, mkaja kuniuliza asili ya msemo huku mmoja wenu kajifunga hicho kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda ngomani. Haya, kaeni. Wewe mwenye kitambaa kaa hapa mbele yangu, na usikivue bado, nataka nikione ninapozungumza.

Watu wanadhani methali zote zimeachwa na mababu. Aa wapi! Hii imezaliwa hapa hapa Mbweta, mimi mwenyewe nikiwa na meno yote, na ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mzee mmoja akiitwa Kiangi, karani mstaafu wa kiwanda cha mbao. Mkewe Nakunda alikuwa ameshafariki, watoto wake wako mijini wanatuma salamu, na nyumbani alibaki yeye na mbwa mmoja wa rangi ya udongo, jina lake Watasema. Jina hilo alilitoa marehemu. Siku alipomleta yule mbwa akiwa mchanga, majirani walinong'ona kwamba mama wa kwaya hawezi kufuga mbwa ndani ya nyumba kama mtoto. Nakunda akajibu, "Watasema, na wakichoka watanyamaza." Basi mbwa akalichukua neno lile likawa jina lake. Nakunda alipokwenda, Kiangi akawa kila asubuhi anasimama mlangoni na kuita, "Watasema!" na kila akiita alikuwa anamsikia mkewe. Jambo hilo hakumwambia mtu mpaka siku ambayo kulisema hakukuwa na faida tena.

Kila kulipopambazuka walikwenda msituni wawili hao, wakashika Njia ya Bondeni, ile inayopita penye mianzi mpaka kijitoni. Walikuwako wenye mbwa wengine kama sita hivi, nao walijuana. Mbwa walifunguliwa kamba, watu wakaulizana habari za magoti na mahindi. Kwa Kiangi ile ndiyo ilikuwa siku nzima. Akirudi nyumbani, yaliyobaki yalikuwa kungoja asubuhi nyingine.

Ndipo alipohamia hapa Mwalimu Nakijwa, mwalimu wa michezo, mwanamke mwembamba asiyejua kutembea polepole. Alileta mchezo wa mbio za ramani. Ninyi leo mnaujua, lakini wakati ule ulikuwa kioja. Anatundika vitambaa vya rangi ya chungwa na nyeupe msituni, kila kimoja na namba yake na kitoboleo chake. Mkimbiaji anapewa ramani, dira na kadi, anaachiwa peke yake, atafute kituo cha kwanza, atoboe kadi, aende cha pili, hivyo hivyo mpaka amalize. Wa kwanza kurudi na matundu yote ndiye mshindi.

Basi mji ukapata la kusema. Watu wazima na akili zao wanatoka vichakani wakihema, karatasi mkononi, hawasalimu mtu, wanaangalia mti, wanaangalia karatasi, wanapotea tena! Wengine wakasema wanatafuta madini. Wengine wakasema hao ni wanga, wameona usiku hautoshi sasa wamehamia mchana. Kiangi yeye hakusema madini wala uwanga. Yeye alisema neno moja tu: "Wapimaji."

Msimcheke. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa kijana walikuja watu wenye suti za kaki, wakafunga vitambaa kwenye migomba ya baba yake, wakamwambia asiogope, ni kazi ndogo ya serikali. Mvua mbili hazikupita, shamba likawa barabara, na baba yake akafa anakaa kwa shemeji. Tangu hapo Kiangi akiona kitambaa kimefungwa mtini, aliikumbuka migomba ile. Wenzake wote wa rika lake wako hivyo, milima hii yote. Mtu wa pwani angeona kitambaa akafikiri tambiko, akapita mbali. Mtu wa huku anaona shamba linaondoka.

Juu ya hofu hiyo ikaja chuki. Siku moja kijana fundi redio, Elinaza, alichomoka kwenye mianzi mbio mbio, karibu amkanyage Watasema. Mbwa akabweka. Elinaza akaruka pembeni, akamgeukia mzee: "Wee mzee, fungia hilo li-mbwa koko lako! Msitu huu si ua wa nyumba yako!"

Kiangi akamwita mbwa wake, akageuka kurudi nyumbani. Li-mbwa koko! Mbwa aliyepewa jina na Nakunda! Tangu siku ile wakimbiaji wote kwake wakawa Elinaza.

Na wakimbiaji nao hawakuwa malaika. Waliandika barua kwa kamati ya msitu, wakataka mbwa wapigwe marufuku kabisa. Wenye mbwa wakaandika ya kwao, wakataka mbio zihamie kwingine. Kamati ikaitisha mkutano katika darasa la shule, watu wakajaa, wakapigiana kelele mpaka chaki zikadondoka. Elinaza akasimama akasema mbwa wote ni vichaa wanaosubiri siku yao tu. Kiangi hakungoja zaidi. Aliinuka, akavaa kofia.

"Mmeshaamua kabla hatujaja," akasema. "Mimi nayajua haya. Kwanza kitambaa, halafu mkutano, halafu tunafukuzwa. Kwaherini."

Akatoka, akabamiza mlango.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hadithi yote imelala hapa. Kila mkutano una ajenda, na mwisho wa ajenda pana mengineyo. Watu wetu wakifika kwenye mengineyo huwa wameshachoka, wanakunja viti. Lakini siku ile ni kwenye mengineyo ndipo Mwalimu Nakijwa aliposimama akasema maneno ya busara kuliko yote yaliyosemwa jioni nzima. Alisema, "Hawa wazee wana njia moja tu. Tuwaachie." Akafungua ramani yake juu ya dawati, akaonyesha. Njia ya Bondeni iwe ya wenye mbwa mpaka saa nne asubuhi, mkimbiaji asiikanyage. Kituo cha saba kitahamishiwa njia panda, kabla ya kushuka bondeni, ili mkimbiaji akikiona atoboe kadi na ageuke kulia, apande kilimani. Na mbwa akimuuma mkimbiaji ndani ya Njia ya Bondeni, kosa liwe la mkimbiaji. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo kwamba mbwa akiuma watu wawili auawe, basi sheria hiyo isimguse mbwa aliye kwenye njia yake.

Watu wakapiga makofi. Hata Elinaza alinyoosha mkono kukubali, ingawa kwa shingo upande.

Kesho yake Mwalimu alikwenda kwa Kiangi kumweleza. Mzee alimwona akiingia uani na viatu vyake vya mbio, akakaa mlangoni asimpishe.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa ile habari ya vitambaa."

"Marahaba. Habari za vitambaa nazijua tangu kabla hujazaliwa."

"Mzee, kuna kimoja nakifunga Jumamosi pale njia panda, nilitaka nikueleze..."

"Funga hata kwenye paa la kanisa," akasema Kiangi, na mlango ukafungwa.

Alichosikia katika maneno yote yale ni kimoja tu: kitambaa, njia panda, Jumamosi. Yaani sasa wanakuja kwenye mlango wa njia yake. Hakulala vizuri siku zile, alimwona baba yake akihesabu migomba.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Kiangi na Watasema walifika njia panda mapema, na kweli, kilikuwapo, kimefungwa kwenye mti wa msaji, namba saba. Alitazama huku na huku. Akakifungua fundo kwa vidole vyake vya ukarani, taratibu, akakitia mfukoni mwa koti pamoja na kitoboleo chake. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia kijana. Aliteremka bondeni anapiga mluzi, na Watasema mbele yake bila kamba, kama siku zote.

Elinaza ndiye aliyeachiwa wa kwanza siku ile. Alifika njia panda akatafuta kitambaa, hakukiona. Angewaza nini? Kwenye ukungu kila mti unafanana na mwenzake. Akadhani njia panda yenyewe bado iko mbele, akafuata njia, akashuka. Nyuma yake akashuka muuguzi wa zahanati, Mbonea, akiona mgongo wa Elinaza na kuamini kuwa huko ndiko. Wakaingia kwenye mianzi macho kwenye ramani, na Elinaza akamkanyaga Watasema mkia.

Mbwa aligeuka akamuuma shavu la mguu. Mbonea akaja mbio kumtoa, akapiga kelele, na mbwa kwa hofu akamshika naye mkono. Mambo yote hayo hayakumaliza muda wa kupiga chafya.

Kiangi alikuja akijikwaa. Alimshika Watasema shingoni, akamfunga kwenye mwanzi, akamgeukia Elinaza. Nataka mjue jambo hili juu ya yule mzee: chuki yake ilitoweka mara alipoona damu. Ilikuwa inatoka nyingi. Akapiga magoti, akapapasa mfukoni, akatoa kitambaa kilichokuwamo, akamfunga kijana mguu, akakaza fundo, akasema, "Pole mwanangu. Pole. Kaza moyo."

Hakujua hata amefunga nini.

Mwalimu Nakijwa alifika anahema, amevutwa na kelele. Akaangalia mkono wa Mbonea, akaangalia mguu wa Elinaza. Macho yake yakabaki pale mguuni. Rangi ya chungwa na nyeupe, na namba saba katikati ya damu.

"Mzee Kiangi," akasema polepole, "hiki umekitoa wapi?"

Mzee akatazama. Ndipo alipokiona na yeye.

"Nimekifungua," akasema. Kusema uongo hakuweza. "Nimekifungua njia panda. Mlikuwa mnataka kuninyang'anya njia."

"Nani akunyang'anye njia? Mzee, kitambaa hiki nilikifunga kwa ajili yako! Ndicho kilichokuwa kinawageuza wasishuke huku! Kilikuwa kinakungoja wewe na mbwa wako, kiwalinde!"

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuja mlangoni kwako."

Mzee akageuka kumtazama mbwa wake. Watasema alikuwa anatikisa mkia pale kwenye mwanzi, anadhani safari inaendelea.

Kamati ilikutana Jumatatu. Wapo waliomtetea. Mbonea mwenyewe na mkono wake wenye bandeji alisema asamehewe, mbwa alichanjwa, kadi ya chanjo ipo. Lakini wakimbiaji waligoma, na wakasema makubaliano ni makubaliano: aliyefungua kitambaa ndiye aliyefuta njia, na njia ikifutwa, sheria ndogo inarudi. Watu wawili wameumwa. Kiangi alipoulizwa ana la kujitetea, alisimama, kofia mkononi, ndipo akaeleza habari ya jina la mbwa na habari ya Nakunda, mbele ya watu wote. Watu waliinamisha vichwa. Kisha akamalizia, "Nilifikiri kinawangoja wao. Mfungua kitambaa hajui kinamngoja nani." Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi, na hukumu haikubadilika.

Bwana Mifugo alikuja na mgambo mwenye bunduki, wakaenda nyuma ya josho. Watasema alikuwa hakubali kufuata wageni, alijichimbia chini ya kitanda cha mzee. Ikabidi Kiangi mwenyewe aende kumwita. Alisimama pale penye josho akaita, "Watasema!" na mbwa akaja mbio, masikio juu, kwa sababu lile lilikuwa jina lake na ile ilikuwa sauti yake.

Njia ya Bondeni ikafungwa kwa mbwa wote, na imefungwa mpaka leo. Wale wazee sita wengine hawakumsemesha Kiangi tena. Aliishi miaka minne baada ya hapo. Kila Jumamosi ya mbio alikuwa anakaa chini ya msaji pale njia panda, fimbo tu mkononi, na mkimbiaji akifika aliiinua kumwelekeza kulia. Wageni walidhani ameajiriwa.

Sasa mnaniuliza nimeyajuaje ya mengineyo. Kwani karani wa kamati alikuwa nani? Nilikuwa mimi. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu, na niliambiwa niupeleke kwa kila asiyekuwapo mwisho wa mkutano. Nikapeleka nyumba zote isipokuwa ya Kiangi. Nilikuwa nimeketi penye mlango, akanibamizia usoni jioni ile alipotoka, nikajisemea, akome, ataulizia mwenyewe. Ile karatasi ilikaa kwenye kabati langu Alhamisi, ikakaa Ijumaa. Alipokuja kunisimulia alivyojisikia kijana, sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Amekufa hajui.

Mnaona sasa kwa nini simcheki mtu mwenye kitambaa kichwani? Kivue. Nipe nione namba. Tatu. Basi hujui ni nani anayehangaika huko juu sasa hivi akikitafuta, na hujui akikikosa ataangukia wapi. Inuka ukakirudishe pale pale ulipokitoa, ukaze fundo, na usikae njiani kuchuma matunda. Mfungua kitambaa hajui kinamngoja nani.