Rangi Anayoipenda Mama

Wapendwa, hebu tumwangalie mama mmoja. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Aliwasomesha, wakaenda zao mijini, yeye akabaki kwenye nyumba yake na migomba yake. Alipokaribia kutimiza miaka themanini, watoto wakakubaliana kumfanyia ibada ya shukrani. Na kama tunavyojijua, jambo la kwanza kujadiliwa halikuwa ibada. Lilikuwa sare.

Mnacheka kwa sababu yamewakuta.

Binti mkubwa, tumwite Atupele ili tusipotee, ndiye aliyeanza. Aliandika kwenye kundi la simu la familia kwamba wote wavae kijani, maana ndiyo rangi anayoipenda mama. Kwake hilo halikuwa jambo la mjadala. Miaka yote, kila alipokwenda kumsalimia, mama alimpokea akiwa na gauni la kijani, lile lile alilomshonea yeye mwenyewe.

Mdogo wake wa kiume akajibu, "Dada, kijani imetoka wapi? Mama ni mtu wa bluu. Mimi sijawahi kufika pale nikamkuta na rangi nyingine."

Kitinda mimba naye akaingia. "Nyie mama hamumjui kabisa. Mama ni damu ya mzee. Kile kitenge nilichompelekea Pasaka hakivui."

Mwanzoni walicheka. Halafu kicheko kikaisha. Kaka akasema dada anapenda kuamua kila kitu kwa vile alitangulia kuzaliwa. Dada akasema wapo watu wanaofika nyumbani kwa nadra, tena kwa haraka, halafu wanajifanya wenyeji. Kitinda mimba akajitoa kwenye kundi. Kwa rangi ya nguo, wapendwa! Lakini hebu tuseme ukweli, walikuwa wanagombea rangi kweli? Kila mmoja alikuwa anadai kwamba yeye ndiye anayemjua mama.

Atupele akapanda basi kwenda kuthibitisha. Hakutoa taarifa. Alimkuta mama uani anamenya ndizi, amevaa gauni lililopauka mpaka huwezi kusema lilianza na rangi gani. Mama akainuka amefurahi, lakini akawa anajifuta mikono na kurudi nyuma.

"Atu! Mbona hukusema unakuja? Ngoja. Ngoja kwanza, nakuja."

Akaingia ndani. Atupele akabaki amesimama na begi lake. Mama alipotoka, alikuwa amevaa kijani.

Baadaye Atupele alipoingia chumbani kuweka begi, akaona ukutani gauni la bluu na kitenge cha damu ya mzee, vyote vimepigwa pasi, kila kimoja kwenye msumari wake. Katikati palikuwa na msumari mtupu.

"Mama, hii bluu unaivaa lini?"

"Akija mdogo wako."

"Na hiki kitenge?"

"Akija kitinda mimba. Si ndiye aliyenipa?" Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayekueleza kwamba chai hunywewa asubuhi.

Atupele akakaa kitandani. Ubishi wote wa kwenye simu ukamtoka. "Na wewe mwenyewe, mama, unapenda rangi gani?"

Mama akamwangalia kwa tahadhari. "Mmekubaliana ipi?"

"Hatujakubaliana. Nakuuliza wewe."

"Basi niambie mnayoitaka, mwanangu. Nitaipenda."

Huyu ni mtu mzima, wapendwa. Amezaa, amelea, amezika mume. Mahari za watu zimejadiliwa sebuleni kwake. Na swali dogo kama hilo lilimtisha, kwa sababu hakuwa amelizoea. Wewe wa kwako umeshamwuliza?

Atupele aliona aibu, na aibu ile ilikuwa njema. Asubuhi akamshika mama mkono wakaenda mjini, mpaka kwenye duka la vitambaa. Mlangoni akamwambia, "Leo unachagua wewe. Mimi sisemi neno."

Mwenye duka akawa anashusha majora na kuyatandaza mezani. Mama alisimama ameweka mikono nyuma, kama aliyeambiwa asiguse kitu. Akaipita kijani. Akaipita bluu. Akaipita zambarau, ambayo wamama wengi wa rika lake huikimbilia. Akafika kwenye rangi ya chungwa, ile kali kabisa, akasimama. Mkono ukatoka nyuma, ukatua juu ya kitambaa, ukawa unakipapasa polepole.

"Hii," akasema. "Nikiiona hii, najisikia kama nimeletewa habari njema." Akacheka kwa sauti ambayo Atupele hakuwa ameisikia kwake. "Nilipokuwa msichana nilikuwa na kilemba cha rangi hii. Nikikifunga, hata njia ya kwenda mtoni naipita nacheza. Mtu akiniona kwa mbali anajua ni mimi. Halafu nikaolewa, wakasema hakifai tena."

Na Atupele, aliyesafiri kutwa nzima, aliyempenda mama yake, aliyeahidi mlangoni kwamba hatasema neno, akasema:

"Hii, mama? Kwa umri wako? Watu watasemaje?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu.

Mama akaondoa mkono.

"Nilikuwa natania," akasema. "Tuchukue ile kijani."

Atupele akajua papo hapo alichokifanya. "Hapana, mama, kama unaitaka..."

"Kijani nzuri, mwanangu. Itatutoa vizuri kwenye picha."

Atupele angeweza kubisha zaidi. Lakini mwenye duka alikuwa ameshaanza kupima, mama alikuwa ameshageukia mlango, na rangi ya chungwa, tukisema ukweli, ilikuwa bado inamtia Atupele wasiwasi. Akanyamaza. Ule ukimya alioahidi pale mlangoni, aliutoa wakati huo.

Siku ya shukrani familia yote ilivaa kijani. Kaka alikuja, kitinda mimba alikuja, wakapatana. Mama alitembea hadi madhabahuni, vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa. Walipotoka nje, mama mmoja wa kanisa akaushika mkono wa Atupele akasema, "Hongera sana. Hii ndiyo rangi yake hasa. Kweli wewe unamjua mama yako."

"Asante," akasema Atupele.

Basi, wapendwa, msiwe wepesi kumsema. Amewazidi wengi wetu, kwa sababu yeye aliuliza. Sisi hata kuuliza hatuulizi. Tunamwona mtu anavaa tulichompa, anaimba sauti tuliyompangia kwenye kwaya, anasoma kozi tuliyomlipia, tunasema ameridhika. Amekaa kimya, kwa hiyo ana furaha. Nani alituambia?

Na siku tukiuliza, tunauliza tukiwa na jibu mkononi. Mke anasema anatamani kurudi shule, tunacheka kidogo. Kijana anasema anataka kuwa fundi, tunamwuliza watu watasemaje. Hatumpigi mtu, hatumtukani, tunatabasamu. Na mtu aliyechukua miaka sitini kunyoosha mkono wake, anaurudisha nyuma kwa dakika moja, tena anatuomba radhi kwa kusema alikuwa anatania.

Mungu ametuumba tofauti tofauti, na hakukosea. Leo mkifika nyumbani, muulizeni mmoja wa watu wenu kitu anachokipenda. Mtazameni anapojibu. Jibu lake likiwashangaza, fungeni midomo, mpeni muda amalize, kisha mtoleeni hiyo nguo kabatini, au mumnunulie, na mtembee naye barabarani akiwa ameivaa. Watu waseme. Nanyi muwe upande wake.

Tusimame tuombe.