Lango Moja, Amri Mbili

Hapo zamani, katika nchi ya Isunga, mtu hakuwa mtemi mpaka ngoma kuu ilie mara tatu. Siku ya kutawazwa Kasanda ililia mara mbili, ngozi ikapasuka. Nusu ya nchi wakasema mbili zinatosha. Nusu wakasema hatuna mtemi. Kasanda akakikalia kiti hivyo hivyo.

Lugendo alikuwa mlinzi wa lango la mpakani. Sheria aliijua: mgeni huruhusiwa na baraza la wazee. Lakini baraza haliketi bila mtemi, na wazee walikataa kukaa barazani na Kasanda. Vita vilipozuka ng'ambo, Lugendo akawarudisha waliokimbia, akavisikia vilio vyao mpaka vikanyamaza. Ndipo Kasanda akaamuru peke yake: "Fungua." Lugendo akafungua, akamnywesha Mbula, mmoja wa wakimbizi, maji kwa viganja vyake, kama ilivyo desturi ya kumfanya mgeni kuwa mwenyeji. Mbula akaolewa na Shigela, kijana wa Isunga, akazaa.

Kisha mvua zikakosekana. Watu wakanung'unika, na Kasanda, akiogopa kung'olewa, akaamuru tena peke yake: walioingia kwa neno langu, watoke kwa neno langu.

Mbula akaletwa langoni, mtoto mgongoni. Ng'ambo moshi wa vita ulikuwa bado unafuka.

"Fungua, Lugendo," akasema Ndalo, tarishi wa mtemi.

"Usifungue!" Shigela akafoka. "Mtemi gani huyo? Mtemi wa ngoma mbovu!"

Ndalo akacheka. "Bwana we, kama si mtemi, mkeo aliingia kwa neno la nani?"



Bibi Kalunde, msemaji wa wazee, akasogea. "Lango ni la baraza. Kasanda hakuwa na ruhusa siku ile, na leo hana. Ngojeni tukae."

"Mtakaa lini, Bibi?" Ndalo akauliza.

"Tukishapata mtemi."

"Haya, tungoje!" akasema Ndalo, safari hii bila kucheka.

Mbula hakuwatazama. "Baba Lugendo, mimi sikunywa neno la mtu. Nilikunywa maji, mkononi mwako."

Lugendo akashika komeo. Akiikataa amri kwa kuwa Kasanda si mtemi, basi hata maji yale, yaliyotolewa kwa neno la Kasanda, hayakuwa kitu. Akiitii, anampeleka Mbula kwenye moshi.

Msinijibu haraka, maana yule mama bado amesimama. Je, kati ya hao wote, nani mwenye haki ya kuuamuru mkono ule ulioshika komeo?