Mtama Mwekundu wa Mama Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mnaitika kama mlionyimwa chakula. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Kindi na mama yake. Mama alijaza mtama mweupe kwenye kihenge, lile ghala la fito lililosimama juu ya nguzo. Mwisho, juu katikati, akamwaga kikapu kimoja cha mtama mwekundu.

"Mwanangu, huu mwekundu ni mbegu," alisema. "Mvua ikinyesha, panda. Ukichipua, ujue nimekuja kukuona."

Haukupita muda, Mama akafa. Kila jioni Kindi aliegemea nguzo akiimba:

"Mama wee, mvua yaja lini, nikuone?"

Njaa ikaingia. Akaja Kanga. "Hodi, mwanangu! Watoto wanalia."

Kindi akawaza, "Nitatoa chini. Wa Mama uko juu, utabaki mwisho." Akaingia chini ya kihenge, akachomoa gunzi lililoziba tundu. Mtama ukamiminika, chwaaa! Na kwao mtoaji hugeuza uso, asionekane anampimia mgeni. Kindi akageuza uso.

Akaja Nungunungu. Chwaaa! Kindi akageuza uso.

Akaja Digidigi. Chwaaa! Kindi akageuza uso.

Mvua ikanyesha. Kindi akakwea kihenge mbio, akachungulia. Maskini! Katikati pamedidimia shimo, na mtama wote uliobaki ni mweupe.

Mwekundu ulikwenda wapi? Jamani, mtama una uzito, wataka kushuka tu. Ukifungua chini, wa pembeni hubaki umeegemeana, wa katikati huzama, na wa juu huufuata. Wa Mama ulitoka siku ya kwanza!

Kindi akakimbilia kwa Kanga. "Shangazi, nilikupa mtama gani?"

"Ulianza mweupe, ukaja mwekundu. Tuliusaga wote siku ileile."

Kindi akalia, akalia hata sauti ikamkauka. Kisha akauliza, "Shangazi, ulikuwa mtamu?"

"Mtamu mno, mwanangu. Watoto walishiba, wakalala bila kulia."

"Hebu niambie tena," akasema Kindi.

Kanga akamwambia tena.

Basi wenzangu, ukipendacho kitenge kando mapema kwa mkono wako, usikiache juu ukidhani kitabaki mwisho.

Ngano yangu imemwagika yote. Aliyekinga kakinga, aliyesinzia shauri yake!