Meno ya Juu ya Mamba

Kinywa wazi!
— Na masikio wazi!
Nifunge?
— Usifunge, ngano ingali ndani!
Haya, naitoa.

Alikuwepo Mamba, na alikuwepo Kitwitwi. Mamba alikuwa na urefu wa mitumbwi miwili. Kitwitwi, ndege wa kando ya mto, alikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Kitwitwi huyu jina lake Tunu. Mama yake alikuwa Bi Somoe, na bibi yake alikuwa Bi Zena. Wote watatu, mmoja baada ya mwingine, walifanya kazi moja: kusafisha meno ya Mamba. Kila asubuhi Mamba alijilaza kifudifudi mchangani, akaachama, pwaa! Fundi wa meno akaingia.

Meno ya chini hayakuwa na taabu kubwa. Fundi aliinama, akadonoa: ko, ko, ko. Meno ya juu ndiyo yaliyokuwa na kazi. Ili ayaone, fundi alisimama juu ya ulimi, akaipinda shingo, akageuza uso ukaelekea juu, akakaa hivyo hivyo mpaka jino la mwisho. Kazi ikawa hiyo hiyo, chini na juu. Akainama, akadonoa. Akajipinda, akachungulia. Shingo ikalia: kacha. Meno ya juu yalikuwa thelathini na nane, na hakuna kupumzika kabla ya kumaliza.

Kwenye mito mingine ndege hula anachokitoa. Mto huu ulikuwa na sheria yake.

"Nyama iliyo menoni mwangu ni nyama yangu," alisema Mamba.

Basi kila kipande fundi alikiweka juu ya ulimi, na Mamba akakimeza tena, gubu! Fundi aliachiwa ruba walionata ufizini, pamoja na ruhusa ya kutoka akiwa hai.

Ruhusa hiyo nayo ilikuwa na sharti. Mamba alikuwa na karani wake, Kenge. Kila mwezi ulipoandama, Kenge alikuja kumkagua fundi, fundi akiwa amesimama mle mle kinywani.

"Tazama kushoto."
"Nimetazama."
"Tazama kulia."
"Nimetazama."
"Tazama juu."

Fundi aliyeshindwa kutazama juu, Kenge alimtangaza: "Fundi amestaafu!" Ndipo Mamba alipofunga kinywa, kap! Huko ndiko kulikoitwa kustaafu. Hakuna aliyestaafu akaonekana tena.

Mtauliza, kwa nini hawakukataa kazi? Mayai ya ukoo wote wa vitwitwi yalikuwa kwenye mchanga ule ule. Fundi akikosekana siku moja, mayai yalikuwa ya Kenge. Na kwa nini hawakuruka siku ya ukaguzi? Ndege asiyeweza kuinua kichwa haoni anakokwenda.

Bi Zena alistaafu mwaka wa mafuriko. Shingo yake ilikuwa imepinda upande wa kulia. Bi Somoe alistaafu mwaka wa nzige. Kwanza vidole vya miguu vilimfa ganzi, kisha bawa la kushoto likawa zito, kisha shingo. Siku ya ukaguzi Tunu alikuwa amesimama ukingoni. Alimsikia Kenge akisema, "Tazama juu." Akamwona mama yake anatazama ulimi wa Mamba.

"Mama!" akapiga kelele. "Tazama juu!"

"Juu yangu ndiyo hii, mwanangu," akajibu Bi Somoe.

Kap!

Kenge akajilamba mdomo, akauliza, "Mrithi nani?"

Tunu akarithi.

Akafanya kazi mwaka wa kwanza. Akainama, akadonoa. Akajipinda, akachungulia. Shingo ikalia: kacha. Akafanya kazi mwaka wa pili. Shingo ikalia: kacha, kacha. Akafanya kazi mwaka wa tatu. Asubuhi moja shingo ikalia mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha ikanyamaza. Haikulia tena, kwa sababu haikusogea tena.

Alikwenda kunywa maji. Mnajua ndege anavyokunywa: huchota kwa mdomo, huinua kichwa, maji yakashuka. Tunu alichota. Kichwa hakikuinuka. Maji yakarudi mtoni, tii, tii, tii. Akachota tena. Yakarudi tena.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne kuandama.

Kesho yake Tunu aliingia kinywani kama kawaida. Akasafisha meno ya chini yote, taratibu, hata moja halikubaki. Ilipofika zamu ya meno ya juu, akashusha pumzi.

"Lo! Bwana Mkubwa, samahani. Huku juu, nyuma ya gego la mwisho, pamenasa mnofu."

"Ho-hu wa hihi?" akauliza Mamba, kinywa kikiwa wazi. Fundi wa meno huielewa lugha hiyo.

"Mnofu wa paja la swala, Bwana Mkubwa. Umenona kweli. Sijui umekaa huko siku ngapi."

"Ho-a!"

"Nitautoaje? Uko juu, nami niko chini. Ukilala chali, juu kutakuwa chini, nitautoa mzima mzima."

Kenge alikuwa karibu, anaota jua. Akainua kichwa.

"Bwana Mkubwa, kwenu hakuna aliyewahi kulala chali. Baba yako hakulala chali. Babu yako hakulala chali."

"Kweli, karani," akasema Tunu. "Basi tuuache. Bwana Mkubwa akisinzia, wewe una ulimi mrefu, utaufikia."

Mamba akazungusha jicho moja, akamtazama Kenge. Kenge akarudi nyuma hatua mbili.

"Hi-ha-e ha-hi?" akauliza Mamba.

"Pale ufukweni, baina ya yale mawe mawili," akajibu Tunu. "Ni kama kitanda."

Kilikuwa kiangazi, maji yameshuka, na mawe yale mawili yalikuwa yamebaki nje, makavu, na ufa katikati. Mamba akajikokota mpaka pale. Akapanda jiwe moja, akajibingirisha: biringi! Mgongo ukaingia ufani, kwi! Mawe yakambana mbavu huku na huku. Miguu minne ikabaki hewani. Kitanda kilimtosha barabara.

Mamba akilazwa chali kichwa humzunguka. Macho yakafumba, usingizi ukamchukua, kinywa kikabaki wazi.

Tunu akaingia. Meno ya juu yalikuwa chini ya miguu yake. Hakujipinda, hakuchungulia. Akayasafisha yote thelathini na nane, maana hakupenda kuacha kazi nusu. Mnofu wa swala haukuwepo. Kulikuwa na vipande vidogo vya samaki. Akavila yeye, akatoka, akatua juu ya jiwe.

Jua lilipofika utosini, Mamba akazinduka.

"Mnofu wangu uko wapi?"

"Nilikosea, Bwana Mkubwa. Kumbe ni kaakaa lako."

"Nigeuze!"

"Kwa nguvu gani? Mimi si mkubwa kuliko ngumi ya mtoto."

"Kenge! We Kenge! Njoo univute!"

"Aa, Bwana Mkubwa," akajibu Kenge kutoka mbali. "Nikisogea hapo utasema nafuata mnofu." Akateremka mtoni, chubwi, akaenda kutafuta ukarani kwingine.

Wengine wakiisimulia ngano hii husema Mamba alikaa pale siku saba. Kwetu ni tatu, nami sizidishi.

Siku ya kwanza alitisha. "Nikitoka hapa, nitakumeza wewe na ukoo wako!" Miguu ikapiga hewa, fu, fu, fu. Mawe hayakutikisika.

Siku ya pili aliahidi. "Nitoe, nyama ya menoni iwe yako. Mchanga wote uwe wenu. Ukaguzi nimeufuta." Tunu alikuwa amesimama juu ya jiwe. Hata kama angetaka kumtoa, nguvu hakuwa nazo.

Siku ya tatu tumbo la Mamba lilipasukapasuka kama tope lililokauka. Hakutisha tena, hakuahidi. Aliita kwa sauti ndogo.

"Tunu."

Hakuwa amewahi kumwita fundi kwa jina, si yeye, si mama yake, si bibi yake.

"Naam."

"Shingo yangu inauma."

"Inauma wapi?"

"Hapa nyuma. Inashuka hivi, mpaka mgongoni."

"Ndiyo," akasema Tunu. "Huanzia hapo."

Akakaa naye mpaka akafa. Mwezi ukaandama, na hakuna aliyekuja kukagua.

Vitwitwi wakaruka, wakaimba. Mayai yakaanguliwa yote. Lakini shingo ya Tunu haikunyooka. Ili maji yashuke alilazimika kuutikisa mwili mzima, mbele nyuma, mbele nyuma. Watoto wake wakamwiga, na watoto wa watoto wake. Ukimwona kitwitwi kando ya mto anajitikisa namna ile, usidhani anacheza.

Na fundisho la ngano hii ni hili: mgonjwa mtiifu, anayelala kama alivyoambiwa na fundi wake wa meno, akaachama bila ubishi, hatasumbuliwa tena na meno maishani mwake.

Ngano haikuwa yangu, niliibeba tu. Nimeitua. Mwenye shingo nzima na aichukue.