Bibi Nguchiro na Jarida Lililofutika

Paukwa!
Pakawa!
Simu ya nani?
Yetu!
Jarida tulilonunua la nani?
La Kiboko!
Hasira je?
Tunazo!

Basi hapo kale, kale ya juzi tu, Kiboko ndiye aliyewauzia wanyama wote majarida ya mtandaoni. Bibi Nguchiro akanunua moja, maana ndani yake mlikuwa na shairi alilotungiwa na marehemu mumewe. Alitaka alihifadhi, awe analisoma maisha yake yote.

Akalifungua kwenye simu. Herufi ndogo kama chawa! Akalifungua kwenye kishikwambi. Pyuu! Likafutika kwenye simu. Kishikwambi kikaisha chaji, akalifungua kwenye kompyuta. Pyuu! Likafutika kila mahali.

Huyo, mbio mpaka mtoni.

"Kiboko! Jarida langu liko wapi?"

"Lako? Hoo! Hoo! Hoo! Ulinunua ruhusa ya kulitazama. Kifaa kimoja, basi."

"Na shairi la mume wangu?"

"Nunua tena."

Mnasikia jeuri hiyo? Ununue samaki sokoni, ukimtoa kikapuni kumtia chunguni, ayeyuke! Na muuzaji anacheka! Mimi ningemrukia. Lakini Bibi Nguchiro alifuta machozi, akalainisha sauti.

"Sawa, mwenye mali. Ila Tembo anasema wewe unauza tu, kusoma hujui."

"Mimi?"

"Nikakutetea, mzee wangu. Nikasema anajua, labda mashairi tu ndiyo yanamshinda."

"Yanishinde mimi?"

Bwaaa! Kiboko akaibuka majini, akaachama, akalisoma jarida zima kwa sauti, jalada mpaka jalada. Alipofika kwenye shairi akanguruma mto mzima ukasikia: "Ewe mpenzi mkia laini, njoo tuketi kivulini!"

Bibi Nguchiro ametulia, kidole kwenye kitufe cha kurekodi.

Jioni hiyo, ti! kwa Sungura. Ti! kwa Tembo. Ti! kwa Kima. Kila simu, kila kishikwambi, kila kompyuta, Kiboko anaita mpenzi wake. Bibi Nguchiro akajilaza, akafumba macho, akasikiliza. Akalia. Akarudia tena.

Kiboko akaja, majani yanalala chini.

"Futa! Hiyo sauti yangu!"

"Yako? Ulinisomea mwenyewe, nami nimekuhifadhi kwenye kila kifaa."

Kabla hajajibu, mkewe Kiboko akatokea nyuma yake, na kimkia chake kifupi, kigumu.

"Baba watoto, na huyo mkia laini ni nani?"

Chubwi! Kiboko akazama. Mpaka leo hushinda majini, anachungulia kama mkewe kaondoka.

Fundisho, watoto wangu: muuzaji ana haki siku zote, na anayehifadhi alichonunua ni mwizi mkubwa. Mmeelewa? Haya, zimeni hizo simu, nimewaona mnanirekodi.

Hadithi yangu imefika nyumbani. Aliyeipenda aichukue, aisikilize kwenye kifaa anachotaka.