Konveta ya Singano na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni, na mwenye simu aiweke chini. Leo sina sungura wala sultani. Nina gari, mlima, na kitoto cha siku saba.

Palikuwa na watu watatu pale Mombo, chini ya mlima wa Lushoto. Wa kwanza Mwantumu, muuza mihogo ya kukaanga. Huyu alipewa ulimi usiojua kukunja jambo. Akiliona analisema, hata msibani. Wa pili mzee Shekigenda, fundi wa giaboksi. Macho yake yamekwisha, lakini gari likipita barabarani sikio lake linajua limeumwa wapi. Wa tatu Mama Mbelwa, muuza spea kuukuu. Yeye alipewa vidole. Akivitia ndani ya chuma anajua kama kizima au kimekwisha, kama wewe unavyobonyeza parachichi sokoni.

Na Singano, mume wa Siwatu, dada yake Mwantumu? Yeye alipewa gari tu.

Gari lenyewe la milango miwili, limekaa chini mpaka mtu mzima akitaka kutoka lazima avutwe mkono. Singano akalitia tabo kubwa, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Injini ikapata nguvu za kichaa, konveta ya zamani ikapasuka. Usiniulize mengi: konveta ni kama chungu cha chuma kilichofungwa kote, kimejaa mafuta, kinakaa kati ya injini na giaboksi. Injini inayasukuma mafuta, mafuta yanaisukuma gia. Kuna konveta inayoshika mapema, na kuna legevu, ambayo injini lazima ipige kelele kwanza ndipo gari liende.

Singano akaenda Tanga, akarudi na moja iliyoandikwa kwa chaki elfu nne, yaani injini izunguke mara elfu nne kwa dakika ndipo ishike. Alidhani namba kubwa ndiyo bora, kama mtu anunuaye kiatu cha shule. Mzee Shekigenda akamuuliza gari hili kazi yake nini. Gereji ilikuwa imejaa vijana, na Singano akaona haya kusema gari lake la mbio linabeba mtungi wa gesi, magunia ya mihogo ya shemeji, na mke mjamzito kwenda kliniki. Akajibu, mashindano tu. Watu humdanganya daktari, huyu alidanganya fundi. Fundi akamfungia alichotaka.

Mimba ilipofika miezi saba, wakapanda mlima kwenda hospitali, Mwantumu kajikunja nyuma magoti kidevuni. Kwenye kona, lori la mbao likaharibika. Magari yakawa yanasogea hatua mbili, yanasimama. Kila Singano akikanyaga, injini inapiga kelele, gari linatetemeka tu, na mafuta yanakorogwa ndani ya kile chungu mpaka yakaiva. Harufu ikaingia, kisha moshi, kisha gari likakataa. Mlango wa kushoto umebanwa na jabali, wa kulia umebanwa na lori lililokuwa likishuka. Nyuma foleni, mbele foleni. Watu watatu ndani ya kopo, jua la saa saba, vioo vimeshushwa na upepo hakuna. Walikaa humo kwa muda wa saa nne.

Siwatu hakulia. Alisema polepole, "Singano, nikizaa humu, mtoto utamlea wewe na gari lako."

Hapo Singano akaapa kwa jina la Mungu, shemeji yake akisikia: atakayelitengeneza gari hili lisiwafunge tena mlimani, huyo ndiye atakayempa mtoto jina.

Walipovutwa kurudi Mombo, Mwantumu hakwenda hata kunawa. Aliingia gereji na jasho lake, akamweleza mzee kila kitu, hata kiapo, mbele ya vijana: mashindano ni Jumapili moja kwa mwezi, siku nyingine zote ni gesi, mihogo, kliniki na foleni. Vijana wakacheka mpaka wakakaa chini. Singano akatazama spana.

Mzee Shekigenda akamwaga mafuta yaliyoungua, akatia mapya, akakaa kiti cha nyuma, akafumba macho. Akamwambia Singano afunge breki akanyage. Akasikiliza lile tabo linapoanza kupiga mluzi. Akasema injini inaamka kwenye elfu mbili na mia sita, konveta ishikie hapohapo. "Juu ya hapo utapika mafuta. Chini ya hapo utavuta mkokoteni." Akapima hewani upana wa chungu kinachotakiwa: shubiri moja na vidole vitatu. Akaongeza kirejeta kidogo cha kupoza mafuta.

Kwa Mama Mbelwa konveta zilikuwa rundo, na sita zilikuwa na upana huo. Singano alitaka ile inayong'aa. Mama Mbelwa akamwambia rangi hupakwa na mwenye kuficha. Akaingiza vidole shingoni mwa kila moja, akazungusha, akanusa. Tano akazitupa. Ya sita ilikuwa na kutu kama jembe la kurithi. Akasema, "Chukua hii, na usiioshe kwa kujionyesha."

Uchungu ulimshika Siwatu adhuhuri. Mlima uleule. Kwenye kona ileile foleni, safari hii basi limepasua tairi. Jabali kushoto, magari kulia. Singano akatazama mshale wa joto, mkewe akamtazama yeye. Hatua mbili, simama. Saa nzima na nusu. Mshale haukupanda. Njia ilipofunguka, gari likaondoka kama lilivyojengwa liondoke. Muuguzi alisema wangechelewa robo saa nyingine asingekuwa na la kuwafanyia. Akazaliwa msichana.

Leo ni siku ya saba, na watatu wote wamekuja na majina.

Mwantumu anataka aitwe Nuruana, na haki anasema ni yake, kwa sababu bila ukweli wake fundi angefunga uongo mwingine. Mzee Shekigenda, ambaye hana mtoto, analo jina la mamaye. Anasema ukweli bila namba ni umbea wa kibarazani. Mama Mbelwa ana wavulana watano wasio na mpango wa kuoa, anataka jina lake mwenyewe. "Namba ilikuwa sahihi kwa konveta sita," anasema. "Tano zingewaacha mlimani."

Siwatu amewasikiliza wote, mtoto kifuani. "Mnamgombea kama katoka ndani ya giaboksi," akasema. "Mimi nilikuwa wapi?" Lakini kiapo si chake.

Mbuzi amefungwa mlangoni. Shehe anatazama saa. Kadi ya kliniki imeandikwa tu: mtoto wa Siwatu. Singano amejifungia ndani ya gari lake, vioo juu, na Mwantumu yuko mlango wa kushoto, mzee yuko wa kulia, Mama Mbelwa ameegemea boneti. Akimpa mmoja, wawili wamedhulumiwa. Asipompa yeyote, amevunja kiapo. Na mtoto hawezi kungoja mpaka aote meno.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote, nenda kagonge kioo. Akikishusha, utamwambia amwite nani?