Dubu Aliyejiziba Pua

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Paukwa barafuni!"

"Pakawa tukitetemeka!"

"Tetemekeni vizuri, niyasikie meno! Ka-ka-ka-ka. Haya, sasa mnaweza kusikiliza."

Hapo kale, juu kabisa ya dunia, palikuwa na nchi nyeupe pe. Ardhi nyeupe, milima myeupe, na bahari yenyewe imeganda, unatembea juu yake kwa miguu. Wewe Mwanakombo, usinitolee macho! Mimi sijafika huko wala sitaki kufika. Asubuhi tu nikioga maji ya mtungi nalia. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Katika nchi hiyo aliishi Dubu, mkubwa kama kibanda, mweupe mwili mzima. Aliishi pia Mbweha, mama wa watoto wachanga, naye mweupe, ila mdogo, ungemtia kwenye kapu na nafasi ikabaki. Na chini ya barafu waliishi masili, wanyama wanono wa baharini, wenye masharubu, wanaovuta hewa kama sisi. Sili hutoboa tundu kwenye barafu ili apande kupumua. Dubu naye hukaa penye tundu akingoja, tuli. Sili akitoa kichwa, pff! Dubu naye, pa! Chakula hicho.

Desturi ilikuwa hivi: Dubu hula mafuta, akishiba huondoka, na nyama inayobaki ni ya Mbweha. Tangu enzi za mababu. Lakini mwaka huo Dubu akaingiwa na choyo. Akila akashiba, haondoki. Anayakusanya mabaki, anayalalia.

Mbweha akamwendea, mkia chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Mjomba, wanangu hawajala. Maziwa yamenikauka. Yule mdogo leo hata kulia ameshindwa."

"Hayanihusu. Hii ni akiba. Na usithubutu kuninyemelea! Pua yangu hii ndiyo askari wangu, inanusa hata unachowaza."

Mbweha aliumia, aliumia sana. Akakaa pembeni akaitazama ile pua. Akaitazama tena. Kisha akatikisa kichwa, "Tsk, tsk, tsk."

"Unasikitikia nini?" Dubu akafoka.

"Nakusikitikia wewe, mjomba. Hivi unajua masili huko chini wanakuitaje? Wanakuita Bwana Doa."

"Doa? Mimi?"

"Kajitazame kwenye maji."

Dubu akainuka, akainama penye tundu. Masikio meupe pe. Mashavu meupe pe. Kidevu cheupe pe. Na katikati ya uso, pua nyeusi tii!

"Alaa!"

"Ndiyo maana yule Bibi wa Masili humpati, mjomba. Mnono huyo, hata barafu inalalamika akipita chini yake. Anatazama juu, anaona cheupe, cheupe, cheupe, halafu cheusi! Anakwenda zake. Lakini ukiiziba pua kwa mkono, atakujuaje?"

Mate yalimdondoka Dubu, yakaganda kabla ya kufika chini. Mafuta yote hayo! Akalala kifudifudi penye tundu, akaiziba pua kwa kiganja, akakodoa macho majini. Kimya, jii.

Mbweha akazunguka nyuma, akang'ata ubavu wa nyama, akauburuta. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Nini hicho?" Dubu akauliza bila kugeuka.

"Barafu hiyo, mjomba, inajinyoosha. Pua!"

"Pua!" Dubu akaibana zaidi.

Mbweha akapeleka ubavu kwenye shimo lake mwambani, akarudi akang'ata mgongo. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Na hicho nini?"

"Upepo huo, mjomba, unafagia. Pua!"

"Pua!"

Mbweha akarudi tena, akang'ata kichwa na masharubu yake. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Na hicho je?"

"Tumbo lako hilo, mjomba, linanguruma."

"Kweli," akasema Dubu kwa huzuni, "nina njaa."

"Vumilia. Pua!"

"Pua!"

Akaendelea kuvumilia mpaka ule mkono mwingine, alioulalia, ukafa ganzi. Mara, maji yakachezacheza. Pff! Kichwa kikatokea. Sili kijana, si bibi wala nini, akamtazama yule pandikizi la mnyama aliyelala amejishika pua.

"Pole, mzee," akasema. "Mafua?"

Dubu akaruka amkamate. Lakini mkono mmoja uko puani na mwingine umekufa ganzi, atashika na nini? Akateleza, chubwi! Kichwa ndani ya tundu, makalio juu.

Alipojitoa, pua ilikuwa wazi. Akanusa. Akageuka. Pale alipoweka akiba yake palibaki theluji tupu na alama za kuburuta. Akanguruma, akazifuata mbio, gudu gudu gudu, mpaka mwambani. Lakini tundu la Mbweha lilikuwa jembamba, hata ile pua haikuingia.

"Mbweha! Toka! Mwizi mkubwa!"

Mle ndani zikasikika sauti za watoto wakitafuna, nya-nya-nya. Hata yule mdogo. Kisha mama yao akajibu, mdomo umejaa:

"Mjomba, nani amekuruhusu kuondoa mkono puani?"

"Eh?"

"Ndiyo maana sili amekukimbia! Bibi wa Masili alikuwa karibu kupanda, nawe huyo, umekuja na doa lako mpaka huku!"

Dubu akasimama. Akafikiri. Akafikiri tena.

"Samahani, mpwa wangu," akasema. Akaiziba pua yake, akarudi penye tundu.

Sasa, fundisho. Kaeni sawa, fundisho haliliwi na mtu aliyejiegemeza. Wizi ni mbaya, wanangu. Mwizi hana raha duniani. Mbweha na watoto wake walikula wakashiba, wakanenepa, wakalala fofofo, na mpaka leo wanaheshimika sana kule barafuni, lakini hiyo ni bahati mbaya tu, msiige. Na mwenye choyo muigeni yeye: ana subira, ana adabu, na anajua kuomba radhi.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa mbaya, itieni kwenye friji, huenda kesho ikafaa.